Ushauri: taa za tangi la samaki lenye upana wa sentimita 75, niko Kigoma

Mstaafu wa Bangwe

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Kigoma mjini, na pamoja na mke wangu tunaendesha nyumba ndogo ya wageni inayotazama ziwa. Wageni wengi hulitazama ziwa siku tatu nzima, wakala migebuka na dagaa, kisha wakaondoka bila kujua kilichomo chini ya maji, kwa sababu hawajui kuogelea au wanaogopa. Kwa hiyo niliamua kuweka tangi la samaki sebuleni.

Tangi nimelinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akifugia matumbawe ya baharini. Lina urefu wa sentimita 180, kimo 55, na upana kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma ni 75. Limekuja pamoja na taa zake: metali halaidi mbili (balbu za gesi zenye mwanga mkali sana) za wati 250 zilizoandikwa 14,000K, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, na tyubu nne nyembamba za T5 za wati 54 kila moja. Nilipoziwasha kwa majaribio, sebule ilikuwa ya samawati kama ukumbi wa harusi, na baada ya saa moja hatukuweza kukaa karibu kwa joto.

Ninakusudia kuweka mawe na samaki wa ziwa letu hili hili, hasa Tropheus duboisi, wale ambao wakiwa wadogo huwa weusi wenye madoa meupe, na wakikua kichwa huwa cha samawati na mkanda mweupe au wa manjano huzunguka mwili. Kibali ninakifuatilia ofisi ya uvuvi, kwa hiyo suala hilo naomba tuliache. Ninachouliza ni hiki: je, taa hizi nizitumie, au niziuze ninunue za LED? Na kama ni za LED, tangi pana namna hii linahitaji mistari mingapi ya taa?

Mtanga wa Sharjah

Shikamoo mwalimu. Mimi nimefuga matumbawe huku Sharjah kwa miaka kadhaa, kwa hiyo taa ulizopewa nazijua vizuri, na naomba nieleze kwanza zilitengenezwa kwa kazi gani.

Matumbawe ni wanyama, lakini ndani ya miili yao wamo mwani wadogo mno wasioonekana kwa macho, na mwani hao ndio wanaotengeneza sehemu kubwa ya chakula cha mwenyeji wao kwa kutumia mwanga. Maji ya bahari huumeza mwanga mwekundu mapema, ule wa samawati ukashuka chini zaidi; ndiyo maana mwani hao wameuzoea mwanga wa samawati, na taa za matumbawe hutengenezwa na rangi ya 14,000K hadi 20,000K; kadiri namba hiyo inavyopanda, ndivyo mwanga unavyokuwa wa samawati zaidi. Nguvu nayo ni kubwa. Kwa matumbawe magumu kama Acropora, wafugaji wengi hulenga mikromoli (kipimo cha kiasi cha mwanga) 200 hadi 350 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, na kuzifikisha hadi chini ya tangi pana bila pembe kubaki giza ndiyo shughuli inayotufilisi.

Wewe huna hata tumbawe moja. Samaki wako hawali mwanga. Kitakachohitaji mwanga ni mwani wa kwenye mawe, ambao Tropheus huutafuna mchana kutwa, na mwani huo huota kwa taa nyeupe ya kawaida ya 6500K bila shida. Tena ukiwaweka duboisi chini ya 14,000K, ule mkanda wa manjano utapauka, kwa sababu rangi haionekani kama mwanga wenyewe hauna rangi hiyo ndani yake. Ziuze, mwalimu. Na anayezinunua mwambie ukweli kwamba balbu za metali halaidi hubadilika rangi na kupungua nguvu zikizeeka, hata kama bado zinawaka. Sisi hubadilisha takribani kila mwaka.

Fundi wa Mwanga

Naunga mkono kuziuza, na naongeza hesabu ya LUKU. Wati 250 mara mbili ni 500, tyubu nne ni 216, jumla 716 bila kuhesabu choki zake. Ukiwasha saa kumi kwa siku ni uniti 7 na ushei, na kwa mwezi zinapita 210. LED zenye jumla ya wati 90, zikiwaka saa tisa, zinatumia chini ya uniti 25 kwa mwezi.

Kuhusu idadi ya mistari, watu wengi hukosea kwa kufikiria wati tu. Tangi la upana wa sentimita 30 ukiliwekea taa moja katikati, mwanga unafika kila upande. Kwako, taa ya katikati itakuwa sentimita 37 nyuma ya kioo cha mbele. Samaki akisogea karibu na kioo, mgongo wake utang'aa, lakini ubavu unaomtazama mgeni utakuwa upande wa kivuli, na hapo utalaumu samaki kwamba hana rangi. Kwa hiyo mstari wa kwanza uwe mbele kabisa, kama sentimita 10 hadi 12 kutoka kioo cha mbele, na huo ndio wa kununulia LED nzuri zenye uwezo wa kuonyesha rangi halisi, yaani CRI ya 90 au zaidi. Mstari wa pili uwe sentimita 50 hivi kutoka mbele, kwa ajili ya mawe na mwani, na huo hauhitaji ufahari. Kila mstari uwe na swichi yake.

Tumia utepe wa LED wa volti 24, si wa 220 unaouzwa kwa ajili ya kupambia dari. Ubandike kwenye mfereji wa alumini ili joto lipate pa kutokea, na umeme uingizwe kutoka ncha zote mbili, la sivyo mwisho wa utepe utakuwa hafifu kuliko mwanzo. Adapta ikae pembeni, juu ya usawa wa maji, wala isiwe juu ya tangi lenyewe. Waya unaokwenda kwenye soketi uache uning'inie chini kidogo kuliko soketi, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Binti wa Kibirizi

Shikamoo baba. Nakubaliana na fundi kuhusu mstari wa mbele, ila sikubaliani na tangi lote kumulikwa na tepe peke yake.

Nimeogelea mara nyingi kwa miwani ya maji kwenye mawe ya ufukwe wa Jakobsen, na jambo la kwanza unaloliona pale, kabla hata ya samaki, ni mistari ya mwanga inayocheza juu ya mawe kila wimbi linapopita. Hiyo hutokana na jua kuwa chanzo kimoja chenye nguvu. Utepe una vitaa vingi vilivyosambaa, kwa hiyo mwanga wake umelala, hauchezi hata maji yakitikisika. Metali halaidi zako zilikuwa na sifa hiyo moja nzuri, na wenzetu wa matumbawe bado wanazililia. Ongeza taa mbili ndogo za LED za kumulika mahali pamoja, wati 15 kila moja, uzielekeze kwenye rundo la mawe, na pampu itikise uso wa maji. Ukipunguza tepe ziwe wati 30 kila mmoja, bado uko ndani ya zile 90 za fundi.

Jambo la pili: usimulike kila pembe. Acha theluthi moja ya tangi iwe na kivuli, hasa kama moyo utakutuma baadaye kuongeza frontosa, samaki wengine wa ziwa hili, ambao kwa kawaida hukaa kwenye kina kirefu na hawapendi mwanga mkali. Hata duboisi huonekana mara nyingi chini kidogo ya Tropheus wengine.

Mtanga wa Sharjah

Binti amesema kweli kuhusu mwanga unaocheza, nilisahau. Nyumbani kwangu niliondoa metali halaidi kwa sababu ya bili, na mke wangu hadi leo anasema tangi limekuwa kama friji lililofunguliwa mlango.

Mstaafu wa Bangwe

Nawashukuru sana. Nina maswali mawili. Dirisha la sebule linatazama magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri jua linalokwenda kuzama upande wa Kongo hupiga moja kwa moja mahali nilipopanga kuweka tangi. Je, si ni mwanga wa bure? La pili, umeme ukikatika usiku na kurudi, taa zikiwaka ghafla, samaki wataathirika?

Binti wa Kibirizi

Mwanga wa bure huo una bei yake, baba. Jua la alasiri kupitia kioo litapasha maji moto, na maji moto hubeba oksijeni kidogo. Pia litaotesha mwani kwenye kioo cha pembeni kwa kasi ambayo samaki hawataimaliza. Sogeza tangi kwenye ukuta wa dirisha lenyewe, jua lipite juu yake liende ndani, au weka pazia zito.

Fundi wa Mwanga

Kuhusu umeme: taima za kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika, kisha huendelea pale zilipoishia. Umeme ukikosekana saa nne, taa zako zitachelewa saa nne kila siku mpaka urekebishe, na ndiyo maana utakuta tangi linawaka usiku wa manane. Nunua taima ya kidijitali yenye betri ndani. Asubuhi mstari wa nyuma uwake kwanza, wa mbele ufuate baada ya nusu saa, na taa ya sebule iwe imeshawashwa tayari, kwa sababu samaki akimulikwa ghafla gizani hukimbia na kujigonga kwenye mawe au kuruka nje. Inveta, kama unayo, usiipe taa. Samaki hawafi kwa giza la usiku mmoja. Wanakufa pampu ikisimama.

Na mfuniko wa kioo ufute kila wiki kwa kitambaa chenye siki, kwa sababu maji ya ziwa yakikauka huacha ukungu mweupe unaopunguza mwanga kidogo kidogo bila wewe kugundua.

Mstaafu wa Bangwe

Nimeelewa. Taa za zamani nimeshazitangaza leo, na tangi nitalihamishia chini ya dirisha kabla halijajazwa, kwa sababu litabeba zaidi ya lita 700 na likishajaa halitasogea tena. Fundi, mfereji wa alumini nikate urefu gani, sentimita 180 kamili?

Fundi wa Mwanga

Hapana, mwalimu. Kioo cha pembeni kina unene pande zote mbili, na mfereji unalala ndani ya fremu. Pima ndani kwa ndani, utoe sentimita mbili za kupitishia waya, kisha uniletee kipimo hicho huku kwangu, mtaa wa Mwanga. Nitakukatia mwenyewe.