Naomba ushauri: amethisti yangu imepauka, na fundi anataka kuitia moto

Wakuu, nina pete ya amethisti (lile jiwe la thamani la rangi ya zambarau) niliyoachiwa na marehemu bibi. Nimezoea kuiweka dirishani, jua linaipiga mchana kutwa. Juzi nimeigeuza: upande wa juu zambarau imefifia, chini kwenye kivuli cha fedha ya pete bado imekoza. Nilijidanganya na ule ugumu wake wa 7 kwenye kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), kumbe kutokwaruzika ni jambo moja na rangi ni jingine.

Sasa kijino kimoja kinachoshika jiwe kimekatika. Fundi anasema atakichomelea jiwe likiwa humo humo. Nasita, maana amethisti ikipata moto mkali hugeuka njano. Nimkatalie mpaka alitoe kwanza? Na kuosha, maji ya uvuguvugu na sabuni laini yanatosha?