Nyoka mwenye mikanda meusi shingoni Ziwa Tanganyika, ni swila kweli?

mwana_mwambao: Wakuu habari za leo. Juzi nilikuwa naogelea upande wa mawe huku Kigoma nikaona nyoka katoa kichwa tu juu ya maji, akazama, nikapanda jiwe nikamsubiri weee hadi nikakauka hajaibuka. Kahawia, anang'aa kama kapakwa mafuta, shingoni mikanda meusi miwili. Mzee mmoja kaniambia huyo swila wa majini, mwingine kabisha, eti swila wapi na wapi na ziwa, huyo ni wa baharini kapotea njia. Nani mkweli? Na jina lake la kisayansi naona lina jina la mtu ndani, huyo ni nani?

magamba: Mzee wa kwanza. Huyo ni Naja annulata, ukoo mmoja na swila wengine wote, na akibanwa nchi kavu anainuka na kutanua shingo vilevile ingawa sio pana sana. Wa baharini muangalie mkia, umebapa kama kafi, wa huyu ni wa mviringo. Hajapotea popote, hapo kwenye mawe ndio kwake, mayai tu ndio anataga nchi kavu. Chakula chake samaki, anapenyapenya kwenye nyufa huko chini anawafuata walikojificha, anaweza kukaa dakika 10 bila kupumua na anafika hadi mita 25 kwenda chini. Yaani wewe umekaa juu ya jiwe unamsubiri mwenzio yuko mezani 😂

karani_wa_zamani: Nijibu la jina maana lina mambo. Buchholz na Peters ndio walimwita Naja annulata mwaka 1876, annulata maana yake mwenye pete, kwa sababu wale wa Kongo na Kameruni wana pete mwili mzima. Wa Tanganyika pete zimeishia shingoni, mbili au tatu basi. Mwaka 1886 Louis Dollo kule Brussels akampata huyu wa kwetu akaona ni kitu kipya, akamtungia jenasi mpya (yaani jina la kwanza, la kundi la ndugu) Boulengerina kwa heshima ya Boulenger, mtaalamu wa nyoka na samaki, na jina la pili stormsi kwa ajili ya Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyeanzisha kituo cha Mpala ng'ambo ya ziwa mwaka 1883. Baadaye vipimo vya DNA vikaonyesha hawa ni swila tu, ndugu wa swila wa msituni, 2007 wakarudishwa kwenye Naja. Miaka yote hiyo, halafu tumerudi palepale pa Peters.

Ila Storms ndiye ambaye watu wake walimuua mtemi Lusinga mwaka 1884, fuvu akaondoka nalo kwenda Ubelgiji. Sanamu yake Brussels imeondolewa 2022, huku nyoka wetu bado kabeba jina lake mwishoni, Naja annulata stormsi. Mimi linanikera kusema kweli.

nyavu_za_usiku: Sisi tukitega karibu na mawe huwa ananasa, unavuta wavu unakuta kajisokota na samaki. Ushauri wangu usimshike hata kama unaona kafa, kata kipande cha wavu uachane nacho, wavu unashonwa. Majini mwenyewe anakukimbia, hana shida na mtu. Lakini sumu yake inalegeza misuli hadi ya kupumulia, kwa hiyo aliyeumwa atulie asitembee, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, mambo ya kuchanja na kunyonya muache. Halafu jamani kuna yule mdogo wa kahawia asiye na mikanda, naye anakula samaki humohumo, hana sumu, mnawaua bure.

mwana_mwambao: Dah asanteni. Sasa mkanda wa tatu labda ulikuwa chini ya maji, mi nilihesabu miwili nikaanza kutafuta pa kutokea.