Tupeane uzoefu: umeunga kompyuta mpya ya mezani, umebonyeza swichi, imegoma. Ilikuwa nini?

Mpiga Nati

Wakuu, salaam.

Siku hizi watu wengi wanaunga mashine zao wenyewe. Mazabodi (ubao mkuu unaounganisha kila kitu) ya Kariakoo, prosesa kaja nayo mtu aliyetoka Dubai, kasha la mtumba, RAM ya jamaa aliyeacha kucheza gemu. Skrubu zimekazwa, kidole kinakwenda kwenye swichi, kimya. Au feni zinazunguka na taa za rangi zinawaka utadhani ukumbi wa harusi, lakini skrini ni nyeusi tii.

Nimeunga za kwangu na za marafiki, na msimamo wangu ni huu: mashine mpya ikigoma, kifaa kibovu ndicho cha mwisho kushukiwa. Kwa hiyo kabla hujarudi dukani kugombana na muuzaji, pita hapa kwanza. Kila mtu aeleze dalili aliyoiona, chanzo, na kilivyojulikana. Dalili itajwe vizuri, maana "haiwaki" ya mtu mmoja siyo "haiwaki" ya mwenzake. Kuna isiyo na uhai kabisa, kuna inayozungusha feni bila picha, kuna inayowaka na kujizima.

Naanza mimi. Rafiki yangu anahariri video. Aliunga prosesa ya Ryzen ya mfululizo wa 7000, zile za soketi ya AM5 zilizotoka 2022, na RAM ya DDR5 GB 64. Akiwasha, feni zinazunguka, taa ndogo ya DRAM (yaani ya RAM) kwenye mazabodi inawaka, skrini hamna kitu. Anasubiri kidogo, anazima. Anachomoa RAM, anairudisha, anawasha, anazima tena. Usiku akanipigia, tayari ameshamwandikia muuzaji kwamba RAM ni mbovu. Nikamwambia washa, halafu nenda kaoge, usiiguse. Alivyotoka bafuni BIOS, programu ya mazabodi inayoiamsha mashine, iko kwenye skrini inamsubiri.

DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza, mazabodi inapima mawasiliano kati ya prosesa na RAM, inajaribu mpangilio huu na ule mpaka ipate unaotulia. Kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, na RAM ikiwa kubwa au vipande vinne muda unaongezeka. Wakati wote huo hakuna picha. Yeye kila alipozima alikuwa anairudisha mwanzo. Ukitoa betri ya CMOS (ile ndogo ya mazabodi inayotunza mipangilio ya BIOS) au ukisasisha BIOS, zoezi linaanza upya, msishtuke.

Tiririkeni.

Fundi wa Kirumba

Mkuu Mpiga Nati, hilo la DDR5 linatuletea wateja wengi huku Mwanza, lakini halijafikia la waya wa prosesa.

Kijana anaingia na mashine kaibeba kwenye shuka. Feni zinazunguka, diski inalia, taa zipo, picha hakuna. Nafungua ubavu. Waya mkubwa wa pini 24 umeingia vizuri, kadi ya grafiki imepata umeme wake. Natazama pembe ya juu kushoto ya mazabodi, karibu na prosesa: kuna tundu la pini 8, tupu. Prosesa haina umeme! Kijana anasema "nilidhani hilo ni la ziada."

Waya wenyewe uko kwenye pawa saplai, umegawanyika nne kwa nne, mara nyingi umeandikwa CPU. Msiuchanganye na ule wa kadi ya grafiki uliogawanyika sita kwa mbili. Kwa macho vinafanana, lakini upande wa volti 12 na upande wa ardhi vimegeuzana, ndiyo maana matundu yake yana maumbo tofauti yakukatalie. Ukiona haingii, usisukume.

Na kama kasha ni dogo, pitisha waya huo KABLA hujafunga mazabodi. Ukishaweka feni kubwa ya prosesa, mkono haupiti tena pale juu.

Wanjiru wa Waya

Sema watu wangu, Nairobi hapa.

Yangu ni fupi. Binamu yangu alinunua vitu vyake pale Luthuli, akaunga vizuri kabisa, kisha akachomeka HDMI kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi ya grafiki. Prosesa ilikuwa i5-12400F. Hiyo F mwishoni maana yake haina grafiki ya ndani, kwa hivyo tundu la HDMI la mazabodi ni pambo tu. Kuna Ryzen nyingi pia za hivyo: 5600 haina, 5600G inayo.

Alikuwa ameshapigia muuzaji simu za matusi. Mimi ndiye nilienda kumwombea msamaha.

Chipukizi_Moro

Wakuu naomba mnisaidie, mimi niko nayo mezani SASA HIVI.

Ryzen 5 5600, mpya kwenye boksi. Mazabodi ni ya B450, nimenunua kwa mtu, ilikuwa inafanya kazi kwake. RAM DDR4 8x2, kadi ya grafiki ipo na HDMI nimechomeka kwenye kadi (nimesoma hapo juu). Waya wa pini 8 upo. Feni zinazunguka, taa nyekundu ya CPU inabaki imewaka, picha hakuna. Nimesubiri muda mrefu tu. Je, prosesa imekufa?

Mpiga Nati

Mdogo wangu tulia. Huyo aliyekuuzia alikuwa anatumia prosesa gani?

Chipukizi_Moro

Alisema 2600.

Mpiga Nati

Basi nina wasiwasi na BIOS. B450 ni chipu ya mwaka 2018. Ryzen 5000 zilianza kutoka mwishoni mwa 2020, na hiyo 5600 yako ni ya 2022. Kama jamaa hakuwahi kusasisha, mazabodi yako haijui hicho ulichoiwekea ni nini. Prosesa ni nzima, hawajatambulishwa tu.

Tazama nyuma, kwenye matundu ya USB: kuna kitufe kidogo kimeandikwa Flash BIOS au Flashback? Kama kipo, una bahati. Kama hakipo, tafuta fundi mwenye Ryzen ya zamani akuazime dakika chache, usasishe kwa hiyo, kisha urudishe ya kwako.

Chipukizi_Moro

KIPO! Sasa nafanyaje?

Fundi wa Kirumba

Ingia kwenye tovuti ya aliyetengeneza mazabodi, tafuta modeli yako herufi kwa herufi. Wakiandika "Max" au "rev 2" mwishoni, hiyo ni modeli nyingine. Pakua BIOS mpya ambayo maelezo yake yanataja Ryzen 5000. Fomati flashi iwe FAT32, faili liweke nje, lisiwe ndani ya folda, na ulipe jina ambalo kitabu cha mazabodi kinalitaka. Wengi hukwama hapo kwenye jina. Chomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama, siyo lolote. Pawa saplai iwe imewashwa nyuma lakini mashine imezimwa. Bonyeza kitufe, taa itapepesa. Usiguse kitu mpaka iache. Na omba umeme usikatike, kama huna UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) azima hata kwa jirani.

Chipukizi_Moro

Natafuta bando nirudi.

Abu Nassor

Assalaam aleikum jamaa zangu. Mimi niko Muscat, nafuatilia nikicheka.

Mpwa wangu aliletewa pawa saplai na nduguze walioko Marekani. Ya zamani kidogo lakini haijatumika, imo kwenye boksi lake. Akaunga mashine, akaniita nishuhudie. Akachomeka ukutani, akabonyeza swichi ya nyuma. Pah! Moshi, harufu ya kuungua, na umeme wa chumba kizima ukakatika.

Nikamwambia lete taa. Nyuma, karibu na tundu la waya, palikuwa na kitelezi chekundu: upande mmoja 115, upande wa pili 230. Kilikuwa 115 kwa umeme wa Marekani, na sisi huku ni 240, karibu sawa na nyumbani Unguja. Pawa saplai nyingi za sasa zinajipangia zenyewe kuanzia volti 100 hadi 240, hazina kitelezi, ndiyo maana vijana hawakijui. Ukiletewa kitu cha zamani kutoka kule, soma kibandiko kabla hujachomeka. Mazabodi ilisalimika, alhamdulillahi.

Mama Vipuri

Shikamoo Mzee Abu Nassor. Pole kwa mpwa wako.

Naongeza la kasha la mtumba, maana ndilo ninalouza. Mazabodi haikai moja kwa moja kwenye bati, inakaa juu ya nguzo ndogo za shaba. Kasha lililotumika huwa na nguzo za mazabodi ya zamani. Ukiweka mazabodi ndogo zaidi, kuna nguzo inabaki katikati pasipo na tundu, inagusa solda kwa nyuma. Matokeo yake ni shoti: unabonyeza, feni zinashtuka mara moja, kimya. Mteja mmoja alibadilisha pawa saplai kwa sababu hiyo, na mpya nayo ikafanya vilevile.

Mimi nawashauri wajaribu nje kwanza. Mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, prosesa, feni yake, RAM kipande kimoja kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa, pawa saplai, basi. Kama prosesa haina grafiki ya ndani ongeza kadi. Swichi huna? Gusisha pini mbili za PWR_SW kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja, achia. Ikiwaka nje na kugoma ndani, mchawi ni kasha.

Na waya wa swichi ya kasha nao huwa umekatikia ndani. Kitufe kinabonyea vizuri, hakipeleki kitu. Bisibisi inakuonesha hilo papo hapo.

Kaka Kebo

Mimi sitacheka maana hili linauma. Msichanganye kebo za pawa saplai zinazochomoka. Ofisini kwetu mtu aliunga mashine, kebo ya SATA, ya kupeleka umeme kwenye diski, ikawa fupi, akachukua ndefu kutoka kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine. SSD mbili zikafa palepale na mashine ikakataa kuwaka.

Wanjiru wa Waya

Lakini kama ingekuwa si yake si ingekataa kuingia?

Kaka Kebo

Inaingia dada, ndiyo ubaya wake. Upande wa diski ni wa kiwango kimoja dunia nzima. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja zinatofautiana. Unaweza kupeleka volti 12 mahali panapotakiwa 5. Ukinunua pawa saplai ya mtumba bila kebo zake, umenunua boksi.

Mlinzi wa Jenereta

Kwetu ilikuwa tofauti na zote. Mashine inawaka kwa fundi mjini, nyumbani haiwaki. Tunairudisha kwa fundi, inawaka. Watu walishaanza kusema nyumba ina mambo yake.

Mimi nikafuata saa. Mchana ilikuwa inawaka, inayogoma ni jioni. Nikapima ukutani jioni, majirani wote wakiwa wamewasha majiko na pasi: volti 160 na kitu. Pawa saplai imeandikwa 200 hadi 240. Kwa umeme huo inajaribu kuamka, inajilinda, inazima. Tukaweka stabilaiza nzuri, ikatulia. Kwa hiyo wakuu, mita ya kupimia volti iwe kifaa chenu cha kwanza, ni rahisi kuliko mazabodi ya pili.

Fundi wa Kirumba

Mkuu hapo umenena. Na soketi ya kuunganishia ya bei chee nayo hufanya hayohayo.

Chipukizi_Moro

WAKUU IMEWAKA!! Taa ilipepesa, nikakaa mbali kabisa nisije nikaigusa. Sasa skrini inaniambia prosesa mpya imewekwa, nibonyeze Y kufuta fTPM au N kuiacha. Nibonyeze ipi? Naogopa.

Mpiga Nati

Swali zuri. fTPM ni sehemu ya prosesa inayotunza funguo za siri. Diski uliyoweka ina Windows iliyofungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows? Kama ndiyo, usibonyeze Y mpaka uwe na ufunguo wa kuifungulia, utajifungia nje. Kama diski ni mpya, Y bila wasiwasi.

Chipukizi_Moro

Ni mpya. Nimebonyeza Y. Imeingia BIOS, inasoma 5600 na RAM GB 16. Ila inasema RAM inakimbia 2133 na mimi nilinunua ya 3200. Nimeibiwa?

Mama Vipuri

Hujaibiwa mwanangu. Ndiyo kasi yake ya kuanzia. Humo kwenye BIOS kuna XMP, wengine wanaita DOCP, mpangilio wa kuikimbiza RAM kwa kasi uliyoinunulia. Lakini usiiwashe leo. Weka Windows kwanza, mashine ikae siku chache, ndipo uiwashe. Ikianza kugoma baada ya hapo utajua imetokana na nini.

Chipukizi_Moro

Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Shikamooni wote.

Tatizo sasa, flashi niliyoifomati ile ya BIOS ndiyo ilikuwa na Windows, na sina nyingine. Kuna mtu yuko Morogoro karibu na Msamvu mwenye laptop na bando?