MREJESHO: Yule afisa ugani aliyekosa watu mwaloni

Wakuu, ni mimi yule afisa uvuvi mgeni wa Ukerewe, niliyelalamika kwamba nikiitisha mkutano mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanakuja wazee watatu na watoto waliofuata pikipiki. Mlinijibu mambo mawili: fuata mwezi, na anza na kina mama.

Ya mwezi, mlinipatia kweli. Nilikuwa naita watu asubuhi kipindi cha giza, wametoka kukesha ziwani wakivua dagaa kwa taa. Safari hii nikasubiri mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, wavuvi wako mwaloni wanashona nyavu. Walijaa.

Kwa kina mama wanaoanika dagaa sikuhutubia. Tulisimamisha chanja moja ya kuanikia, ya miti na wavu chakavu, usawa wa kiuno, tukaanika ndoo moja ya dagaa juu na nyingine mchangani kama walivyozoea. Jioni bibi mmoja akatafuna wa chini, akatema. Akatafuna wa juu, akanyamaza, akachota tena. "Mwanangu, huyu hana mchanga."

Kesho yake wavu ukalegea, dagaa chini, kuku wakala sikukuu. (Kosa langu, nguzo nilizitawanya mno.) Walinicheka, wakaifunga upya wenyewe. Sasa chanja ziko tano.

Kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, ndiyo bado. Wanajua ni haramu, lakini nikilitaja hata wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za mwalo) wanaangalia pembeni, na sangara wachanga wasioruhusiwa, wa chini ya sentimita 50, wanapita kwenye ndoo zilizofunikwa kanga. Mwenye mbinu hapo anisaidie kabla ya mbalamwezi ijayo, nina mkutano.