Benki inasema "X", ramani ya kaunti inasema "B". Tukitajwa tuhame au tubaki?

BintiMonduli
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa mliopo Florida, hasa kaunti ya Pinellas. Mwezi wa tatu tulinunua nyumba St. Petersburg, ya chini isiyo na ghorofa, maili moja na kidogo kutoka majini. Benki walituambia tuko ukanda wa mafuriko "X", hatari ndogo, bima ya mafuriko si lazima. Tukashukuru Mungu, hatukukata. Juzi nimeweka anwani yetu kwenye ramani ya kaunti ya kuhama wakati wa kimbunga, ikaniletea "B". Nimwamini nani?

Jirani yetu, mzee aliyezaliwa hapa hapa, ananiambia nisihangaike, eti kimbunga kikubwa hakijapiga Tampa Bay, ghuba yetu hii, moja kwa moja tangu 1921. Mimi nimekulia Monduli, maji mengi niliyoyajua ni ya lambo la ng'ombe. Mume wangu anaendesha lori, siku hiyo anaweza kuwa Texas. Nipo na mama mkwe anayejidunga insulini na mtoto wa miaka mitatu. Msimu wa vimbunga ulianza 1 Juni na unakwenda mpaka 30 Novemba. Nishikeni mkono.

Kapteni_Nchi_Kavu
Dada, wote wakweli, ila kila mmoja anajibu swali lake. X ni ya FEMA, idara ya maafa ya serikali kuu, ramani ya bima na mikopo. B ni ya watu wa dharura: inatazama kimbunga kikisukuma bahari, maji yatafika wapi. Huanza kuondoka A, halafu B, hadi E. Nyumba moja inaweza kuwa X kwa benki na B kwa kaunti, na siku ya kimbunga hiyo X haina kazi.

Nayasema haya nikiwa na aibu kidogo. Septemba 2024 nilikuwa napanga ukanda A. Kimbunga Helene kilikuwa mbali huko baharini kikielekea kaskazini, kikaja kutua karibu na mji wa Perry, mbali kaskazini yetu, usiku wa tarehe 26. Sisi wa A tuliamriwa kuondoka. Jioni nikatoka barazani, upepo wa kawaida tu, nikarudi ndani nikalala. Saa tano usiku nikasikia bafuni sauti kama mtu anasukutua. Maji yalikuwa yanapanda kupitia tundu la bafu, meusi, yananuka matope ya mikoko, na mlango wa mbele bado mkavu kabisa! Nikaziba kwa taulo kama mjinga. Muda si muda yakaingia chini ya mlango, friji ikayumba, ikaelea, ikalala chali. Nje gari la jirani likaanza kupiga honi lenyewe, taa zinawaka chini ya maji, mpaka betri ikafa. Nilikaa juu ya meza ya jikoni hadi alfajiri. Wapo waliozama ndani ya nyumba zao usiku ule, kaunti hii hii.

Kilichonidanganya ni ule utulivu wa upepo. Vimbunga vya huku huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Kikipita magharibi yetu, upande wake wa kulia unaisukuma Ghuba ya Meksiko ije kwetu, na bahari hii ina kina kifupi mpaka mbali sana, kwa hiyo maji hayana pa kwenda isipokuwa juu. Ile "kategoria" 1 mpaka 5 wanayotangaza hupima upepo peke yake. Kuhusu maji haikuambii kitu.

Mbishi_wa_C
Mnatisha watu. Kimbunga Milton, wiki mbili baada ya Helene, wakatutaja A, B na C tuhame, watu wakakesha barabarani, maji ya bahari yakawa hayakuja. Mimi nilibaki na plaiwudi zangu madirishani na jenereta, nikala na kulala.

Kapteni_Nchi_Kavu
Mkuu, hayakuja kwa sababu Milton ilitua kisiwa cha Siesta Key, kusini kidogo tu ya hapa, tarehe 9 Oktoba. Tukawa upande ambao upepo unatoka nchi kavu, ukayavuta maji ya Tampa Bay yakapungua. Ingetua kaskazini yetu, ungekuwa unaandika mengine, au huandiki. Na jenereta hiyo usije ukaiwasha ndani wala gereji, hata ukiacha mlango wazi. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Futi 20 kutoka nyumbani, na bomba la moshi lielekee mbali na madirisha.

Dada, usiku huo huo wa Milton mvua ilizidi inchi 18 hapo hapo St. Petersburg. Ya mbinguni hiyo, si ya bahari. Ndiyo maana hata wewe wa X ningekushauri ukate bima. Ya serikali kwa kawaida husubiri siku 30 kabla ya kuanza kazi, kwa hiyo kuikata kimbunga kikiwa kwenye taarifa ya habari ni kuchelewa.

LoriLaUsiku
Mimi na la barabara tu. Pinellas ni rasi, ukitoka unapita darajani au unapanda kaskazini, na daraja la Skyway hufungwa upepo ukizidi. Kabla ya Milton barabara kuu ya I-75 ilijaa watu wanakimbilia Georgia, vituo vya mafuta vikakauka. Hamhitaji Georgia! Mnachokikimbia ni maji, tafuteni ndugu au rafiki aliye juu, nje ya kanda zote, hata akiwa kaunti hiyo hiyo. Tenki lijae mapema, na uondoke mchana.

Nesi_wa_Zamu
Mama mkwe mwandikishe sasa kwenye orodha ya kaunti ya wenye mahitaji maalumu. Ipo, na usafiri hupangwa kupitia hiyo. Ukisubiri kimbunga kitajwe jina, utakuta foleni. Insulini iweke kwenye kibebeo chenye baridi lakini isigusane na barafu, ikiganda imeharibika. Dawa za wiki mbili, karatasi ya daktari, vitambulisho kwenye mfuko usiopitisha maji. Maji ya kunywa galoni moja kwa kila mtu kwa siku, hesabu ya siku saba. Kwenye makazi ya dharura beba godoro lako, pale utapata sakafu tu.

BintiMonduli
Asanteni sana jamani. Nimempigia dada mmoja wa kanisani anayekaa ndani ndani huko, nyumba yake haina herufi kabisa, amesema tuje hata saa nane za usiku. Mama mkwe amegoma kuandikishwa, anasema yeye si mgonjwa. Nitamwachia mwanawe hiyo vita. Bima nimelipia leo 9 Julai, wameniambia itaanza 8 Agosti, kwa hiyo nitaishi na wasiwasi mwezi mzima. Jirani nimempa namba yangu na nafasi moja kwenye gari. Amecheka, ila namba ameihifadhi.