Piko imenitoa malengelenge siku ya tatu, nisaidieni

BintiMakorora: Habari zenu wanajamvi. Ijumaa jioni nilichorwa hina na piko nyeusi kwa harusi ya mdogo wangu hapa Tanga. Jumamosi nikala pilau na kamba, nikacheza taarabu mpaka usiku wa manane, sina neno. Jumapili jioni mikono ikaanza kuwasha. Leo maua ya piko yameumuka, yanatoa maji, ila hina nyekundu iliyo pembeni haina tatizo lolote. Mama anasema ni kamba, shangazi anasema jicho la watu. Piko nachora tangu usichana wangu. Nimemeza cetirizine, kidonge cha mzio, wapi! Nifanyeje?

MzeeChumbageni: Pole mwanangu. Mwambie shangazi jicho halifuati mchoro.

Tabibu_77: Pole dada. Kamba hana kosa. Mzio wa kamba hauchelewi hivyo: kingamwili za IgE huwa zimeshatega juu ya seli zilizosheheni histamini, kemikali ya mwasho na uvimbe, ukila tu inamwagwa, na kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili midomo imevimba, vipele mwili mzima, pengine pumzi inabana. Wako umekuja baada ya siku mbili na umebaki palepale palipopakwa.

Hiyo ni kazi ya seli T, askari wengine wa kinga ya mwili. Piko nyingi ni unga wa rangi ya nywele, wenye kemikali iitwayo PPD. Ni ndogo mno, hupenya ngozi na kujibandika kwenye protini zako mwenyewe, na kinga ikiziona zimeungana inadhani kaingia mgeni. Mwanzoni inamkariri kimyakimya, hujisikii chochote. Ikishamjua, ukirudia inakusanya jeshi, na jeshi hilo huchukua saa 48 hadi 72 kufika. Cetirizine huzuia histamini, ambayo hapa si mhusika mkuu.

Nenda hospitali leo, yaelekea utapewa krimu ya steroidi, ya kutuliza uvimbe. Usitumbue malengelenge, weka kitambaa safi chenye maji baridi. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usingoje foleni.

BintiMakorora: Kumbe miaka yote nilikuwa naifundisha mwenyewe! Na nywele je? Natia rangi nyeusi kila mwezi.

Tabibu_77: Hapo ndipo naogopa. Usitie tena, utaamka macho yamefunga. Ulaya PPD hairuhusiwi kupakwa ngozini kabisa, na kwenye rangi ya nywele kikomo ni asilimia 2 inapofika kichwani. Zile bakuli za usiku wa hina nani anazipima? Tena kinga ikishaikariri, haisahau kirahisi.

MchoraMaua: Mimi mchoraji, niseme ukweli. Hina ya majani peke yake haitoi weusi tii kwa nusu saa. Lakini mkimwambia bibi harusi angoje rangi ikolee mpaka kesho, anahamia kwa jirani.

BintiMakorora: Nimerudi. Nimepewa betamethasone, krimu ya steroidi, na daktari kasema yaleyale. Shangazi bado anafukiza ubani.