Muuzaji wa madabodi za mtumba alazimishwe kuandika toleo kwenye risiti?

Fundi, Kampala
Ndugu zangu, mimi nasema alazimishwe.

Mwezi uliopita mteja aliniletea madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, aliyoinunua mjini. Risiti ilikuwa na jina la modeli tu, boksi limeandikwa REV 2.0, yaani toleo la 2.0. Nikaangalia kwenye tovuti ya mtengenezaji: toleo hilo linakubali prosesa yake. Nikafunga. Feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nikabadilisha RAM, nikabadilisha pawa saplai, asubuhi nzima ikaisha. Mwisho nikachukua mswaki mkavu, nikasugua lile vumbi jekundu kwenye kona ya bodi. Pakatokea maandishi meupe, madogo kama punje za ulezi: REV 1.1. Boksi la bodi nyingine! Dukani wakamjibu mteja, "Modeli si ndiyo uliyoomba?"

Modeli ndiyo, bodi siyo. Mtengenezaji anaweza kubadilisha chipu ya mtandao au saketi inayolisha prosesa umeme, jina akaliacha vilevile, akapandisha namba ya toleo tu. GA-78LMT-USB3 ya Gigabyte ina matoleo 4.1, 5.0 na 6.0, na BIOS, ile programu inayoiwasha bodi, huwekwa peke yake kwa kila toleo. Ukipakia BIOS ya toleo jingine unaweza kuiua bodi, kisha uanze kumtafuta mwenye CH341A, kifaa cha kuandika upya chipu ya BIOS, akufufulie.

Mwenye duka, Kampala
Pole ssebo. Lakini mzigo wa mtumba unakuja umechanganyika, nitakaa nasugua kona ngapi? Aprili 2024 tulifunga maduka kupinga EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, na wewe unaniongezea kazi kwenye risiti hiyohiyo. Mnunuzi aangalie mwenyewe, amri za kompyuta zipo.

Fundi, Kampala
Amri ya dmidecode kwenye Linux, au Win32_BaseBoard kwenye Windows, zinataka bodi iliyowaka. Yangu haikuwaka. Hata ikiwaka, Gigabyte nyingi zinaonyesha "x.x" mahali pa toleo, na bodi nyingine "Default string". Mimi naamini kilichochapwa kwenye bodi yenyewe. Kwenye bodi za kampuni ya MSI tafuta VER karibu na namba inayoanza na MS-.

Mnunuzi, Mbale
Sheria ya uuzaji wa bidhaa ya 2017 inatosha jamani. Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo yake. Tusidai sheria mpya kila tukiumia.

Fundi, Kampala
Dada, hapo ndipo pananiuma. Risiti ikisema modeli tu, nitailinganisha na nini? Kwa maandishi yale duka halikukosea, na mteja wangu kapoteza hela yake. Maelezo yakiwa na namba ya toleo, sheria yako inapata pa kushika. Ni herufi tatu na tarakimu mbili, hata kwa kalamu.

Mwenye duka, Kampala
Na fundi akiichoma mwenyewe, akanirudishia bodi nyingine na risiti yangu mkononi?

Fundi, Kampala
Ipige picha ile kona mbele ya mteja, na stika ya namba ya bodi ionekane. Mtumie palepale kwa simu, nakala ubaki nayo. Inakulinda wewe kuliko mimi.

Mwenye duka, Kampala
Picha nitapiga, kuanzia kesho. Kulazimishwa bado nakataa.